Siku Niliyomwambia Munitere "Sikuelewa"

Ninaikumbuka vema asubuhi ile, mwanangu, mashine ya mkono ya kukamulia mawese ilipofika kijijini kwetu Walikale, imebebwa na wanaume wanne. Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa kijana mwenye michikichi michache na hamu kubwa ya biashara. Leta, ndivyo tulivyoiita serikali, iliwaazima wakamuaji wadogo mashine hizo na kumtuma munitere, mwalimu wa kilimo, awafundishe.

Munitere alieleza taratibu, nami nikaitika "Ndiyo, Papa" kwa kila neno. Siku zile mtu wa Leta akisema, unaitika ili aondoke upesi. Aliyeuliza aliweza kuchapwa.

Alipoondoka nikafanya kama tulivyozoea. Nilikata mikungu ya chikichi, nikaifunika kwa majani ya migomba siku nane, hadi matunda yakaachia yenyewe. Kazi ilikuwa rahisi, nikajisifu. Munitere aliporudi akaonja mafuta, akatema.

"Hii iko kali, kaka. Wamama wa Masisi wenye kununua ku soko hawatayapokea. Kesho watu watakuja kuchukua mashine, itaenda kwa wengine kule Pinga."

Akashika njia. Mama mukubwa, dada mkubwa wa mama yangu, alikuwa akimenya mihogo karibu nami, amesikia yote.

"Ulimuitika mara ngapi?"

"Kila mara."

"Na ulielewa mara ngapi?"

Nikachukua muhogo, nikaanza kuumenya.

"Mbuzi yangu pia inaitika kila mutu! Simama, umufuate, umuambie haukuelewa. Mashine ikienda, utarudi kuvunja mawe ya barabara ya Leta."

Nilikimbia. Nikamkuta mtoni, kwenye daraja la kamba za msituni, mguu mmoja tayari juu yake.

"Papa, sikuelewa," nikasema. "Kwa nini nisingojee matunda yaachie yenyewe?"

Akaurudisha mguu, akacheka.

"Tangu nianze hii kazi, wewe njo wa kwanza kuniambia hivi! Yakiachia yenyewe, yameshaanza kuoza. Ukishakata mukungu, usipitishe siku tatu. Chemsha, kamua yakiwa ya moto."

Tukarudi pamoja, tukakata mikungu mipya. Kesho yake wabebaji walipofika, akawaambia, "Murudi. Huyu bado anajifunza."

Soko lililofuata, mama mmoja aliyeshuka na maharagwe kutoka Masisi alichovya kidole, akalamba, akanisogezea kibuyu chake nijaze. Mashine haikuondoka tena.

Mwanangu, leo ukipewa chombo cha kazi na mtu wa kukushauri, usiitike ili umpendeze. Uliza palepale, uliza tena, mpaka mikono yako ijue sababu ya inachofanya. Aibu ya kuuliza inakwisha siku hiyohiyo. Na ukikosea, mfuate aliyekufundisha kabla hajavuka mto.

Mungu aupe ulimi wako ujasiri, na kazi ya mikono yako ikulishe wewe na watakaokuja nyuma yako.