Mwizi Aliyeamua Kukaa

Serikali ilipoanguka, askari wa mwisho mjini alivua sare, akaitupa mtaroni, akaenda zake. Magenge yakaanza kupita. La kwanza lilibeba unga wa Mama Kinu, msagaji nafaka. La pili likabeba mbegu. La tatu halikukuta kitu, likamuua mumewe. Yote yalikomba mpaka ukoko, kwani kilichobakizwa kingeliwa na genge linalofuata. Watu wakatupa majembe. Mama Kinu akafungua mkanda wa mashine, akaufukia, akabaki na wifi yake wakila majani.

Asubuhi moja akaja mnene mmoja na watu wake wenye bunduki. Huyu alibisha hodi.

"Mama, mashine inasaga?"

"Imekufa."

"Haijafa, umeficha mkanda." Akacheka. "Urudishe. Kila madebe matano, moja langu. Atakayegusa manne yako, atanikuta mimi."

"Ukishaondoka je?"

"Niende wapi? Nikikomba leo, kesho nitakula nini?"

Hakuwa mwongo. Genge jingine lilipojaribu kuingia, maiti tatu zilining'inia darajani wiki nzima. Mashamba yakarudi, mashine ikanguruma.

"Zimwi likujualo halikuli likakwisha," wifi alisema.

Kisha nyumba zikaandikwa namba. Kizuizi kikawekwa barabarani. Wifi alikwenda kumtembelea bintiye, akarudi kabla ya adhuhuri na mzigo wake kichwani. "Wameniambia mimi ni wa hapa. Wa hapa haondoki." Debe moja likawa mawili. Yule mnene hakuitwa tena mwizi, aliitwa Mheshimiwa.

Mwaka wa tatu akaanza kukohoa damu. Mama Kinu alifurahi kimoyomoyo, mpaka watu wake walipodai madebe manne, halafu na mbegu. Hapo akaelewa: asiye na kesho ya nini kutubakizia?

Akapika uji, akaubeba.

"Unamuuguza mwizi?" wifi alimaka.

"Nauguza mbegu zetu."

Mgonjwa alikunywa vijiko viwili. "Kumbe unataka nipone?"

"Nataka kiti umpe mwanao ukingali hai, Mheshimiwa. Mbegu hizo ni zake. Ukizila wewe, yeye atamtawala nani?"

Akasukuma bakuli kando, akaagiza mwanawe aitwe.

Ijumaa iliyofuata, uwanjani, alinyanyua mkono wa mwanawe, mwanamume wa makamo asiyetabasamu. Magunia ya mbegu yakarudishwa palepale. Watu wakashangilia. Mama Kinu naye akashangilia mpaka sauti ikamkauka, na machozi yakamtoka asijue ni ya nini.

Kesho yake mwana akafika kwenye mashine. Akaizunguka, akapapasa magunia, akaizima mwenyewe.

"Baba ameniambia wazo lilikuwa lako."

"Ni la kwake, Mheshimiwa."

"Lako." Akausukuma mlango taratibu mpaka ukafunga. "Si vibaya. Ila kuanzia leo, mama, wazo lolote likikujia, usimwambie hata wifi yako. Uniletee mimi."

Mama Kinu akaitikia, "Ndiyo." Nje, foleni ya wasagishaji ilikuwa imenyamaza, ikisikiliza.