Bibi wa Kifini Aliyeniuliza "Nini?"

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilipewa kazi ya kumtunza bibi mmoja wa Kifini huko Stratford. Binti yake alikwenda kazini asubuhi, nami nilibaki na mama mtu hadi jioni. Kiingereza cha bibi kiliishia kwenye "yes". Siku ya kwanza nilipomwekea kahawa, alinikazia macho, akasema, "Noniin."

Mimi nikasikia, "Nini?"

Nilifurahi kupita kiasi. Kwangu Tottenham watoto nawasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza, na mume wangu akirudi kazini anakoroma tu. Leo nimepata mzungu wa kuniuliza nini! Nikamwambia. Nilianza na shemeji yangu, aliyekuja kwa wiki mbili akakaa miaka miwili juu ya kochi langu, hata chumvi hanunui. Nikinyamaza, bibi anasema, "Noniin," nami naendelea. Mficha uchi hazai. Baridi ile yote sikumficha kitu.

Siku moja binti aliwahi kurudi, akauliza ninaongea lugha gani.

"Kiswahili," nikamwambia. "Si mama anakijua?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe "noniin" ni kama "haya" yetu, neno la kwao, mji mdogo kando ya ziwa. Kahawa ikichemka, noniin. Mahubiri yakiisha, noniin. Mtu akifa, noniin. Akanionyesha picha ukutani: ziwa, kanisa la mbao, na wazee wawili kwenye benchi refu, mmoja mwisho huu, mwingine mwisho ule. Nikauliza waligombania nini.

"Hao ni marafiki wakubwa," alisema. "Kwetu, mtu akikupenda hakusumbui kwa maneno."

Aibu ilinishika. Miezi yote hiyo nimemsumbua bibi wa watu! Niliogopa atanikataa, na ukweli ni kwamba sikuwa na mwingine wa kuongea naye. Mdomo nikautia kufuli. Siku tatu nilimpikia na kumwogesha bila neno, Mfini kamili.

Siku ya nne, nikimchana nywele, alinishika mkono.

"Noniin," alisema, akasubiri.

Akakunja uso, akalitafuta neno, akalitoa kwa shida kipande kwa kipande.

"She-me-ji?"

Nikavuta kiti hadi magoti yetu yakagusana. "Bado yupo, bibi," nikamwambia, "na jana kamaliza nyama yote."