Ulimi Una Upande Wake

Simu iliita mashine ikinguruma. Binti aliihisi kwa mtetemo wa mfukoni tu, maana ndani ya karakana hapakuwa na nafasi ya sauti nyingine. Mashine ya boti ilikuwa imefungwa ukingoni mwa pipa la maji, inazunguka bila kukwama, na moshi wake wa buluu ulipanda polepole ukikatwa vipande na miale iliyopenya matundu ya bati. Alijifuta mikono kwenye ovaroli, akatabasamu. Alijua ni baba yake anapiga kutoka hospitalini alikolazwa, maana alikuwa amemwahidi kumsikilizisha mashine hiyo kwa simu ikishapona.

Hakuwa baba. Alikuwa baba mdogo, kinyozi, aliyekuwa akimuuguza kaka yake.

"Mwanangu," alisema, "zima mashine kwanza."

Akaizima. Maji ya pipa yaliendelea kuzunguka yenyewe.

"Baba ametutoka. Kaenda taratibu, kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Kazi ya Mungu haina makosa."

Binti aliitikia kama mtu anayeagizwa sokoni. Akaketi juu ya kreti, akatazama maji mpaka yakatulia.

Marehemu watu walimwita Fundi Pumzi. Riziki yake aliipata kwa kutengeneza mashine za boti za abiria na mizigo, lakini moyo wake ulikuwa kwa mashine kuukuu za mashindano, zile zilizoundwa yeye hajaota ndevu. Wenyewe walizitupa nyuma ya nyumba, kuku wakatagia ndani. Yeye alizichukua, akazipangusa, akazitegea sikio. "Hii haijazeeka," angesema. "Ina pumu tu."

Dawa ya pumu hiyo aliijua. Aling'oa kabureta ya zamani, akafunga nyingine yenye koo pana. Kisha akaingia ndani zaidi, kwenye vibati vyembamba vinavyokaa nyuma ya kabureta, ambavyo yeye aliviita ndimi. Pistoni ikipanda, ndimi hufunguka, mashine ikavuta hewa na mafuta. Ikishuka, hujifunga ili pumzi isirudi ilikotoka. Ndimi za zamani zilikuwa nene na nzito, mashine ikikimbia zikachelewa kufunga. Fundi alikata nyingine nyembamba kama ukucha, kwa subira ya mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto. Siku ya mbio, boti iliyofungwa mashine yake ilipita juu ya maji kana kwamba haiyagusi, na watu ukingoni wakashangilia.

Kabla ya kuvuta kamba ya kuwashia alivua kofia, midomo ikamchezacheza kwa sala. Alisema pumzi ni ya Mungu, fundi kazi yake ni kufungua dirisha.

Lakini jambo lililochekesha watu ni kule kubusu. Bati likikatwa, upande mmoja hubaki na ukingo unaokwaruza kidogo sana, na upande huo ukilazwa ndani, ulimi haufungi sawasawa. Kidole cha fundi kina sugu, hakiusikii. Mdomo unausikia. Kwa hiyo kila ulimi aliupitisha mdomoni kabla ya kuufunga. "Ulimi hauna mfupa," alimfundisha binti yake, "lakini una upande wake. Ubusu kwanza." Mkewe, enzi za uhai wake, alimwambia kwamba laiti busu hizo angezileta nyumbani, wangekuwa na ukoo wa kujaza mtaa. Fundi akamjibu kwamba mke hana upande wa kukwaruza, ndiyo maana hamkagui. Mke akamrushia kitambaa cha vyombo, akacheka mpaka akakaa chini.

Binti aliyawaza hayo akiwa amekaa juu ya kreti, na siku iliyotangulia ikamjia kama kitu kinachoelea. Mashine ile ya pipani ndiyo ambayo baba yake aliiacha mezani ikiwa wazi alipozidiwa. Yeye akaimalizia mbiombio, ndimi zote akazifunga bila kubusu hata mmoja. Akapiga simu, akaiweka karibu, akavuta kamba. Mashine ikakohoa, ikamtemea petroli kifuani, ikazima. Akavuta tena, ikakohoa tena. Baba yake aliisikiliza kwenye simu. Mwishowe akasema tu, "Haya, mama," na simu ikakatika.

Asubuhi alikuwa ameifungua upya, akazibusu ndimi, akazigeuza, na mashine ikaimba. Lakini mzee alikuwa ameondoka na kikohozi kile masikioni. Hilo ndilo lililomkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni.

Nyumbani aliwakuta majirani wamejaa. Viti vilikuwa vikipangwa uani, mashangazi walimkumbatia mmoja baada ya mwingine, na sauti zao zilimfikia kana kwamba yeye yuko chini ya maji na wao wako juu. Hakulia. Walimwambia alie, akawaambia atalia. Alikuwa anamngoja baba mdogo.

Alipofika, binti alimvuta pembeni, kwenye korido.

"Baba mdogo, jana baada ya simu, alihuzunika?"

Kinyozi alimtazama kama aliyesahau kitu muhimu njiani.

"Ahuzunike? Alicheka mpaka muuguzi akaja kuuliza kuna nini. Akasema, 'Hajazibusu huyo. Kazifunga kinyume.' Nikashika simu nikwambie, akanizuia. 'Mwache,' akasema. 'Kesho itakuwa inaimba. Mimi nishaisikia.' Akasali, akageukia ukutani, akalala."

Binti aliegemea ukuta. Machozi yakamshuka hapo, mengi, bila sauti, na baba mdogo akasimama naye akiwa amemshika kiwiko mpaka yalipopungua.

Fundi alizikwa siku iliyofuata, mchana, pembeni ya mkewe. Jua lilikuwa na ukungu mwepesi. Mafundi wenzake na waendesha boti waliubeba mwili kwa zamu kutoka barabarani. Sala ilisomwa, wakaitikia. Baba mdogo alishuka kaburini kumpokea kaka yake. Binti alitia udongo kwa mkono wake, akarudi nyuma, wanaume wakafukia kwa majembe wakipokezana. Baba mdogo akawashukuru watu wote kwa niaba ya familia, akawaombea warudi salama. Kisha wakaondoka, wawili wawili, wakizungumza kwa sauti ya chini.