Landrova ya Kumvusha Mama

Kaka yangu alikuwa fundi wa magari Makina, kule Kibera, na mimi nilikuwa nakaanga mandazi Kawangware. Mama alikuja Nairobi kutibiwa mgongo na nyonga, akakaa kwangu. Dawa zilipokosa kusaidia, daktari alituita pembeni, akatuambia yaliyobaki ni ya Mungu. Tulitoka pale hatutazamani. Mama hakutuuliza chochote, lakini jioni hiyo, nikimkanda kwa maji moto, alisema, "Nipelekeni nyumbani ningali naongea."

Nyumbani ni magharibi, ng'ambo ya mto usio na daraja. Kiangazi unauvuka umeshika viatu mkononi. Mvua ikianza, mgonjwa hulazwa kitandani akavushwa mabegani mwa wanaume, na mama alikataa hilo katakata. Kwetu anayevuka mto kitandani ni maiti. Mtu mzima akikubali kulala pale, watu husema amejiitia kifo mwenyewe. "Nitavuka nimeketi," alisema. "Wanione uso." Na mvua ilikuwa imeshaanza.

Kaka alikuwa na Landrova kuukuu aliyoipata mnadani. Ilikaa mbele ya karakana yake, kuku wakitaga ndani. "Nitaiinua," akaniambia. "Nitaiinua mpaka ivuke maji yoyote." Nikamwambia haya, inua, lakini inua haraka.

Haraka wapi! Kwa kuwa hakuna aliyejua kina cha mto mwaka huo, kila mtu wa kwetu aliyeshuka basi aliitwa karakanani. Anasimamishwa kando ya gari, anaulizwa, "Maji yalikufika wapi?" Akionyesha kwa mkono, kaka anachora alama ya chaki pale pale mlangoni. Wa kwanza alionyesha paja. Wa pili, mama mmoja mfupi muuza samaki, akaonyesha kifua. Wa tatu akaonyesha shingo, na huyo nilimwona kwa macho yangu akitia chumvi.

"Huyu ni mfupi, yule ni mwoga," nikamwambia kaka, "na wewe unapandisha tu!"

"Maji hayana huruma, dada. Afadhali nizidishe."

Kila chaki ilipopanda, mpango ulibadilika. Aliongeza springi za lori juu ya zile za zamani. Akaona hazitoshi, akachomelea vipande vya chuma kati ya springi na ekseli. Magurudumu makubwa yakaja, kwa hiyo mipira ya breki ikabidi irefushwe, na ekzosi ikapandishwa ikatoka juu ya paa. Alikuwa anachuchumaa na kijiti, anachora gari vumbini, anafuta, anachora tena. Mafundi wenzake walimwambia, "Mzee, hii ni gari ama ni ghorofa?" Alicheka nao. Sijawahi kumwona ana furaha namna ile, na iliniuma, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa namgeuza mama ubavu na kumwona anavyokwisha.

Kila nikirudi kutoka Kibera mama aliuliza, "Gari limefika wapi?"

"Linapanda, mama."

"Hee! Huyo mtoto anataka kunifikisha mbinguni moja kwa moja." Tulicheka mpaka akashika nyonga yake.

Hatimaye kaka akaja na Landrova asubuhi moja, na majirani wote wakatoka milangoni kuitazama. Mungu wangu, ilikuwa ndefu! Mama alivaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Kaka akampandisha mikononi mwake, akamketisha mbele juu ya mito miwili, nami nikaingia nyuma. Mama akawapungia watu. "Nimeenda, majirani," akasema. "Mje mnitembelee." Uso wake ulikuwa umejaa furaha, na kwa dakika chache nilimsamehe kaka ule ukawiaji wote.

Hatukupita hata Kabiro, hapo hapo Kawangware. Springi za lori hazipindi bila mzigo, na sisi tulikuwa watu watatu tu, mmoja amebaki mifupa. Shimo la kwanza liliturusha sote, mama akapiga ukelele. La pili lilimtoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. La tatu aliuma kitambaa chake. Kaka akapunguza mwendo hadi watu wa miguu wakatupita, na bado gari lilikuwa linamrusha.

"Mwanangu, simama. Nishushe."

"Vumilia kidogo, mama. Tukifika kwa lami..."

"Nishushe."

Nilishuka nikamfokea kaka pale barabarani, watu wakisikia. "Ulipima mto! Mama hukumpima!" Yeye aliketi ameshika usukani na machozi yanamtoka. Mtu mmoja akaleta kitanda cha kumrudishia nyumbani kwangu, mama akakikataa hata hapo, kwa hiyo akabebwa kwenye kiti, ameketi wima, amefumba macho.

Kaka alisema apewe siku chache azipunguze zile springi. Mama hakuwa na siku hizo. Alikufa asubuhi nikichuja chai, nikiwa nimempa mgongo, na nilimuuliza kama aongezewe sukari kabla sijajua. Maskini mama yangu. Alitaka kitu kimoja tu, kufika akiwa anaongea.

Kaka hakukubali gari lingine limbebe. Tuliweka jeneza nyuma, jamaa wakaketi huku na huku, mizigo ikajazwa chini ya miguu yao, nami nikakaa mbele kando ya kaka. Uzito ule ulizituliza springi. Gari lilienda laini, laini kabisa, kutoka Nairobi mpaka kwetu, na niliuchukia ulaini ule kwa moyo wangu wote. Sikumsemesha kaka njia nzima.

Mto tuliukuta umejaa. Kaka hakusimama hata kuutazama. Aliingia, maji yakapita chini yetu yakinguruma, na hata tone moja halikutufikia. Wanaume waliokuwa ukingoni wakingoja wakapiga miluzi ya kusifu. Hesabu yake yote ilikuwa sawa.

Ng'ambo barabara ni mawe na mashimo matupu. Kaka akaanza kulikwepa jiwe moja moja, gari likitambaa, na kutoka mbele tulisikia vilio vya watu wa boma. Mjomba, ndugu yake mama, akagonga bodi kutoka nyuma. "Kaza mwendo, kijana. Watu wametungoja tangu asubuhi."

"Taratibu, mjomba," kaka akasema. "Mgongo wake."

Nikafuta macho, nikainama karibu na kioo, nikaanza kumwonyesha kaka mashimo.