Risasi Zilipolia Rusizi, Mume Wangu Aliniruka

Admin, naomba unifichie jina. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mzaliwa wa Buyenzi hapa Bujumbura. Mume wangu ni fundi magari, na watoto wetu wote wamekua. Nichekeni mkitaka, ila msome hadi mwisho. Nina wivu. Ni wivu wa matembezi ya siku moja tuliyoyafanya wakati wa vita, na mwezi huu umeamka tena mpaka usingizi sipati.

Vita vilikuwa havijaisha, lakini palikuwa na miezi ya utulivu na watu tulichoka kujifungia ndani. Wanawake wa chama chetu cha mtaa, sisi wa kusaidiana kwenye harusi na misiba, tukakubaliana tukodi boti ya mashine twende na waume zetu. Tungeingia kidogo mto Rusizi tutazame viboko, halafu tuvuke hadi soko la Uvira, upande wa Kongo, kununua vitenge, jioni turudi kabla ya saa iliyokatazwa kutembea. Tulibeba sambusa, chapati na redio ya betri. Tulikuwa na furaha ya kitoto kabisa.

Rafiki yangu, nitamwita Zuhura ingawa si jina lake, alikuja peke yake kwa sababu mumewe alikuwa na mizigo ya kutoa bandarini. Zuhura akicheka, hata aliye mbali anageuka. Mume wangu nyumbani ni wa "ndiyo" na "apana", lakini kwa Zuhura hadithi hazimwishi. Mimi si mjinga. Nilikaa katikati yao, ubao mmoja, mume wangu kulia, Zuhura kushoto.

Tulikuwa tumeshaingia mtoni, kila mtu ananyoosha kidole kuonyesha kiboko, mara risasi zikalia ukingoni. Mwenye boti akapiga kelele, "Mulale chini! Mulale!" Nilianguka pale pale, uso kwenye maji machafu ya boti, nikasubiri mkono wa mume wangu. Nilichosikia ni viatu vyake vikipita juu yangu. Aliniruka, ndugu zangu. Aliniruka akaenda kumfunika Zuhura kwa mwili wake, na akabaki hapo mpaka kukatulia.

Kumbe walikuwa askari wanafukuza kiboko aliyeingia shambani. Watu wakacheka sana, redio ikawashwa, safari ikaendelea. Wakawa wananisifu, "Mama huyu hata hakulia!" Nilikuwa nimelowa kuanzia kiunoni kushuka chini, nikasema ni maji ya boti.

Sokoni Uvira mume wangu alininunulia kitenge cha waksi, cha bei kubwa kuliko vyote, wala sikuomba. Akanipa mkononi akasema, "Jifunge iki, umelowana." Wenzangu wakaona nina bahati. Mimi niliona ananiziba mdomo. Usiku nikamuuliza kwa nini aliniacha. Akasema, "Alikuwa karibu yangu." Karibu! Na mimi niliyekaa kati yao nilikuwa wapi? Kitenge kile sijakishona mpaka leo.

Marehemu mama yangu ukimruka mtoto aliyenyoosha miguu mkekani, alikuwa anakurudisha umruke tena kinyume, vinginevyo hatakua. Mume wangu hakurudi, wala hatukuongea tena habari ile. Nikazaa, nikapika, nikamuuguza mama yake mpaka akafa. Kila palipokuwa na jambo la kutisha, nilisukumwa mbele mimi, eti sina woga. Zuhura na mumewe wakahamia Kinanira kwenye nyumba ya ghorofa, tukawa tunaonana kwenye harusi tu. Na huko harusini sikuwa namtazama bibi harusi, nilikuwa nayatazama macho ya mume wangu.

Sasa Zuhura ni mjane na eda yake imeisha. Vijana wa chama wameandaa safari ile ile, boti, viboko, soko la Uvira, safari hii na majaketi ya kuokolea. Mume wangu aliposikia Zuhura yumo, akaenda kununua shati jipya. Shati! Mimi namwomba abadilishe mashati tangu mwana wetu wa mwisho yuko shule ya msingi. Anasema, "Siku ile tulifurahi sana."

Juzi Zuhura akaja kwangu. Nilimpa chai na tabasamu la uongo. Akasema, "Dada, kuna kitu mi sijakuambia. Siku ile kwa boti nilimwambia bwana yako, we, bibi yako iko wapi, enda kwa bibi yako. Akanijibu, ule haogopi kitu, ni we unatetemeka. Nilikuonea wivu, dada. Bwana yangu mi hakunijua ivo hata siku moja."

Yeye anionee wivu mimi! Nikamwongezea sukari kwenye chai ambayo tayari ilikuwa na sukari.

Jamani, niliogopa. Niliogopa kuliko Zuhura. Yale hayakuwa maji ya boti, nilijikojolea, na hakuna mtu niliyewahi kumwambia mpaka ninyi leo. Jana nimekitoa kitenge sandukuni, nimekaa nacho kitandani, swali moja linanisumbua. Kwa nini alininunulia mimi tu, na kwa nini alitaka nijifunge pale pale? Alijua? Kama alijua, alinistiri mbele za watu na mimi nimemnunia maisha yangu yote. Kama hakujua, basi nimeishi na mwanaume asiyenifahamu, na mjane anakuja naye kwenye boti.

Safari ni Jumapili. Nishaurini wenzangu. Nimwambie kwamba niliogopa, nione uso wake, au nijifunge kitenge changu nikakae tena katikati yao?