Swali Nililoshindwa Kumtafsiria Baba Mkwe

Wadada, leo nimetafsiri vibaya makusudi, na baba mkwe mpaka sasa hajaamka.

Asubuhi kifua kilimbana, tukamkimbiza kituo cha afya kutoka Kasulo.

Mzee Kiswahili chake ni cha salamu na bei ya maharage. Daktari ni mgeni, lugha yetu ya Kihangaza hajui. Kwa hiyo mkalimani nikawa mimi, mkamwana wake.

Daktari akasema, "Muulize kama ametumia vidonge vya nguvu za kiume. Kama ametumia, halafu nimpe hiki cha kuweka chini ya ulimi, presha itashuka ghafla, atatufia hapa."

Jamani. Neno hilo mimi nimtamkie baba mkwe?

Nikajiambia, mama mkwe tulishamzika, vidonge hivyo atavipeleka wapi.

Nikamuuliza kwa Kihangaza kama amekunywa mitishamba. Akatikisa kichwa.

Nikamwambia daktari, "Anasema hapana."

Akawekewa kidonge. Dakika chache tu jasho likamtoka, macho yakageuka, presha haisomeki.

Wakati wanamtundikia dripu nikawa nakunja koti lake. Mfukoni kuna pakiti, vidonge viwili vimeshatolewa. Nikampa daktari. Hakunigombeza. Aliisoma, akarudi kwenye dripu.

Mume wangu yuko njiani anatoka Biharamulo. Ninyi mngemwambia nini? Semeni ukweli, msinionee huruma.

Sasa hivi nimemwinamia mzee sikioni, nikamuuliza lile swali kwa Kihangaza, neno kwa neno.