Barua Hii Siipeleki

Siku ile naikumbuka vizuri kuliko ninavyoikumbuka ya juzi, maana ndiyo siku niliyompoteza Maryam. Nilikuwa fundi baiskeli hapa hapa Temeke, kijana mwenye kiburi tele. Maryam alikuwa binti wa mzee Salim, Mwarabu muuza vitambaa, ambaye kila alasiri watoto wa mtaa walikwenda barazani kwake kusoma Kurani. Nikaamua kupeleka posa.

Mwanangu, kusoma na kuandika nilijua. Sikuwa mjinga, nilikuwa mvivu, na mvivu anayejua kusoma ni mbaya kuliko asiyejua. Buguruni alikuwapo bwana mmoja na taipureta yake, akiwaandikia watu barua za kila namna. Nikamtajia jina langu na la baba wa msichana, akanipa barua safi imepigwa chapa. Nikasoma mstari wa kwanza, "Kwa heshima na taadhima," nikaona hapa tayari nimeshaoa. Nikatia sahihi. Mshenga akaipeleka imefungwa kwenye leso.

Kesho yake nikaitwa. Mzee Salim hakupandisha sauti.

"Umeandika hapa kwamba ulimpenda binti yangu mlipokuwa mnaimba pamoja kwaya ya kanisani. Kanisa gani hilo, kijana?"

Kumbe ilikuwa barua ya mtu mwingine, imebadilishwa majina tu. Nikajitetea kwamba nilidhani mwandishi anajua zaidi yangu.

"Anajua barua," akasema. "Je, anamjua Maryam? Mie nilitaka kusikia wewe unamfikiriaje mwanangu, basi. Hata ungekosea herufi ningekusamehe."

Mzee alikuwa tayari kunipa nafasi ya pili. Aliyekataa ni Maryam mwenyewe. Alimwambia mshenga, "Kama karatasi moja ya kunioa imemchosha kusoma, akishanioa yatamchosha mangapi?" Akaolewa na mwingine. Niliumia, mwanangu, nikalia kama mtoto. (Mama yako mdogo, mke wangu, anaijua hadithi hii, kwa hiyo usijisumbue kumpelekea.)

Sasa jana umekuja na barua yako ya posa, niipeleke Mbweni kwa kina Rehema. "Ba'mdogo, simu imeiandika fasta, iko freshi, we peleka tu." Nikakuuliza umempendea nini huyo binti. Ukasema, "Ngoja nicheki," ukatoa simu mfukoni! Nilikasirika, na hasira haijaisha. Mtu huangalia mtandaoni anachokipenda? Na ndivyo ulivyofanya kwa kile kitabu nilichokuazima. Uliiambia simu ikupe kwa ufupi, ukaja kunisimulia mwisho wake ilhali humjui mtu hata mmoja wa mle ndani.

Utasema mzee anachukia mtandao. Simu ninayo, natafutia vipuri na taarabu. Lakini kuuliza njia si sawa na kubebwa. Anayebebwa kila siku miguu humlegea, na kichwa nacho ni hivyo hivyo. Sie tulipokwama na jambo tulikaa nalo, tukalizungusha kichwani mpaka kazini, tukabishana na wenzetu. Nyie mnajibiwa kabla swali halijawauma. Niite mshamba, nirekodi unitume kwa rafiki zako mnicheke. Barua hii siipeleki, hata ukimleta mama yako aje kuniomba. Wahenga hawakuficha maneno: nguo ya kuazima haisitiri matako.

Basi nisikilize. Soma mwenyewe mpaka mwisho, hasa pale panapochosha. Fikiri kwanza, ndipo uiulize simu, na ikikujibu, ibishie. Usitie sahihi chini ya neno ambalo ukiulizwa huwezi kulisimamia. Leo zima hicho kisimu, kaa, umwandikie baba yake Rehema mistari minne ya kwako, na makosa yako humo humo. Kesho asubuhi nitavaa kanzu, niipeleke barua hiyo mpya Mbweni kwa mkono wangu. Mungu akupe kichwa kisichochoka, akujalie ukubaliwe kwa maneno yako mwenyewe. Na ukikataliwa, mwanangu, ukataliwe wewe, si mtu mwingine.